Maswali ya Wasomaji: Bahari ya Nani, Njia ya Nani?

Barua za safari hii zimejaa bahari. Wapo wanaouliza mpaka wa Kenya na Somalia, wapo wanaoagiza magari Japani na wamechoka kuambiwa na mawakala kwamba "njia imechafuka", na mmoja wa Muscat anataka kujua mlango wa Hormuz, baina ya Iran na Oman, ni mali ya nani. Tumezijibu pamoja kwa sababu karibu zote zinachanganya mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe: nani mwenye bahari, na nani awezaye kuzuia chombo kisipite. La kwanza hupimwa kwa ramani, na sheria yake iko wazi kuliko watu wanavyodhani. La pili huamuliwa na wembamba wa mlango na bei ya bima.

SWALI: Sisi wavuvi wa Kiunga tunaambiwa mahakama iliwapa Wasomali bahari yetu. Mpaka sasa unapita wapi? Na kwa nini haukwenda mashariki moja kwa moja kama ule wa Kenya na Tanzania?
— Mvuvi, Kiunga, Lamu

JIBU: Mzee wetu, tuanzie penye mchanga. Mpaka wa nchi kavu uliwekwa na Waingereza na Waitaliano katika miaka ya 1920 na 1930, na nguzo yake ya mwisho kuelekea baharini ni nguzo kuu namba 29. Kutoka hapo mstari unashuka kusini-mashariki hadi maji yanapoishia yakipwa, ukiikata pwani kwa pembemraba. Hati za zamani zinapaita mahali hapo Dar es Salam. Si jiji la Tanzania, ni jirani yenu wa Ras Kiamboni.

Kenya ilitangaza mwaka 1979, na tena mwaka 2005, kwamba kutoka pwani mpaka unaifuata latitudo, yaani unakwenda mashariki kamili. Somalia ilidai mstari wa umbali sawa, ambao kila nukta yake iko mbali sawa na pwani za nchi zote mbili. Kwa kuwa pwani yenu haikusimama wima kaskazini hadi kusini bali imelala kuelekea kusini-magharibi, mstari wa namna hiyo lazima uiname kusini-mashariki. Baina ya madai hayo mawili palibaki pembetatu ya takriban kilomita za mraba 100,000, na ndani yake vitalu vya mafuta ambavyo Kenya ilikuwa imeshavigawa: L-21, L-23 na L-24 kwa Eni, na L-22 kwa Total.

Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, tarehe 28 Agosti 2014. Hoja kubwa ya Kenya ilikuwa kwamba Somalia ilinyamaza miaka 35, na aliyenyamaza amekubali. Hoja hiyo ilianguka. Sheria za Kenya yenyewe, ya 1972 na ya 1989, hazikuutaja mstari wa latitudo kuwa mpaka na Somalia. Nchi hizo mbili zilikuwa zimeendelea kuzungumzia mpaka kama jambo ambalo halijamalizwa. Na kwa miaka mingi tangu 1991 Somalia ilikuwa vitani, haina serikali ya kusimama na kupinga. Kenya haikuhudhuria vikao vya mwisho vya Machi 2021. Hukumu ikatoka tarehe 12 Oktoba 2021.

Mahakama ilifuata utaratibu wake wa siku zote. Kwanza ilichora mstari wa umbali sawa kwa kupima kutoka pwani zote mbili. Kisha ikauliza kama mstari huo unamwonea mtu, ikaona kwamba ukizitazama pwani za Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja zinaingia ndani, na Kenya iliyo katikati inabanwa. Kwa hiyo mstari ukasogezwa kidogo kuelekea kaskazini kuipa Kenya nafasi. Mwisho ikalinganisha urefu wa pwani na eneo la maji: pwani zilizohusika ni kilomita 733 za Somalia na 511 za Kenya, sawa na uwiano wa 1.43 kwa 1. Maji yaliyogawanywa yakaangukia 1.30 kwa 1. Tofauti hiyo haikuonekana kubwa, mstari ukapita. Kwa maneno mengine, hakuna upande uliopewa mstari wake mzima. Na Somalia ilipotaka Kenya ihukumiwe kwa kugawa vitalu na kufanya utafiti mle, mahakama ilikataa.

Sasa la vitendo. Maili moja ya bahari ni mita 1,852. Katika maili 12 za mwanzo mpaka unafuata umbali sawa. Kuanzia hapo unanyooka kwa nyuzi 114 za dira ya kweli, na mashariki kamili ni nyuzi 90. Maana yake, kila maili 10 unazosogea mashariki nje ya zile 12, mpaka umeshuka karibu maili 4.5 kusini. Ukisogea maili 100, umeshuka zaidi ya 44. Anayeondoka mpakani akashika mashariki kamili, akiamini anatembea juu ya mpaka, anajikuta ndani ya upande wa Somalia tangu mwanzo wa safari. Mwenye GPS aweke mstari huo kwenye kifaa kabla ya kuondoka. Kukadiria kwa macho hakufai pale.

Kenya ilitangaza kuikataa hukumu. Lakini hukumu za mahakama ile hazina rufaa, na zinaifunga nchi iliyokubali kuingia hata kama baadaye ilisusa vikao. Isipotekelezwa, anayelalamika huenda Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mahakama haina askari wala boti. Ndiyo maana mpaka ulioandikwa na doria zinazoonekana baharini vinaweza kutofautiana, na anayekamatwa ni mvuvi. Ushauri wetu kwenu ni kubaki kusini ya mstari wa hukumu.

Ule wa Tanzania ulipatikana kwa mazungumzo, si kwa kesi: barua zilizobadilishana serikali mbili mwaka 1975 na 1976, kisha mkataba wa 2009 ulioupeleka mbele zaidi. Majirani wawili wakikubaliana wanaweza kuchora watakavyo. Ila makubaliano yao hayamfungi wa tatu, na Kenya haikuweza kuyatumia dhidi ya Somalia.

SWALI: Magari yetu kutoka Japani yanapita Bahari ya China Kusini. Tunasikia China inadai karibu bahari yote. Kwa haki gani? Na kesi ya Ufilipino iliishia wapi?
— Mwagizaji wa magari, Kigamboni

JIBU: Dai lenyewe liko kwenye ramani. Ramani ya 1947 ya serikali iliyokuwapo China kabla ya Wakomunisti ilizungushia bahari ile vistari 11. Beijing ikafuta viwili mwaka 1953, vikabaki tisa, na mwaka 2009 ikaiambatisha ramani hiyo kwenye barua zake kwa Umoja wa Mataifa. Ramani rasmi ya 2023 ina kumi, wa kumi ukiwa mashariki ya Taiwan. China haijawahi kueleza kwa usahihi vistari hivyo vinadai nini: visiwa tu, samaki na gesi, au maji yote. Kutoeleza huko kunaisaidia.

Ufilipino ilifungua shauri Januari 2013 chini ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao nchi zote mbili zimeuridhia. Jopo la wasuluhishi watano, mwenyekiti wake Thomas Mensah wa Ghana, lilitoa uamuzi tarehe 12 Julai 2016. China haikushiriki na haikuukubali.

Mkataba ule una kanuni moja iliyobeba nyingine zote: bahari hutokana na nchi kavu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani mwenye maji, uliza pale penye mwamba pana nini. Watu wa pwani hawahitaji darasa hapa, kwani swali la mwanasheria ni lile lile la nahodha: maji yakijaa bamvua, panabaki pakavu?

Pakibaki pakavu, na watu wanaweza kuishi au kuendesha uchumi wao kwa vitu vya pale pale, hicho ni kisiwa kamili: kinapata maili 12 za mamlaka kamili na ukanda wa kiuchumi wa maili 200. Pakibaki pakavu lakini hapawezi kulisha watu, ni jabali: maili 12 basi. Paonekanapo maji yakipwa tu na kuzama yakijaa ni fungu. Fungu peke yake halina bahari hata maili moja, isipokuwa likiwa ndani ya maili 12 za bara au kisiwa, hapo linaweza kutumika kuanzia kupimia. Na kisiwa cha kumwaga mchanga kinapata eneo la usalama la mita 500, si zaidi. (Kwetu mfano mzuri ni Fungu Kizimkazi, ambalo ramani za Kizungu huliita Latham, takriban maili 40 mashariki ya Dar es Salaam. Jina ni fungu, lakini halizami. Ndege wa baharini wanazalia pale. Sheria hutazama maji, haitazami jina.)

Piga hesabu uone kwa nini watu wanapigania majabali. Duara la maili 12 kuzunguka nukta moja ni takriban kilomita za mraba 1,550. Duara la maili 200 ni takriban 431,000, karibu nusu ya Tanzania nzima. Tofauti kati ya jabali na kisiwa ni hiyo.

Jopo likaangalia Itu Aba, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya asili katika kundi la Spratly, kinachoshikiliwa na Taiwan. Kina urefu wa takriban kilomita 1.4, kina visima, kina miti. Lakini rekodi za zamani zilionyesha wavuvi wa kupita, wachimba samadi ya ndege na baadaye wanajeshi wanaoletewa mahitaji kutoka nje. Hapakuwahi kuwa na jamii iliyotulia na kujitegemea. Likaamua ni jabali. Na ikiwa hicho kikubwa ni jabali, vyote vilivyobaki katika kundi lile haviwezi kuwa zaidi. Kwa maoni yetu hapa ndipo uamuzi ulipouma kuliko kwenye vistari tisa, kwa sababu uliondoa msingi wa nchi yoyote kudai maili 200 kutoka Spratly, si China peke yake.

Kuhusu vistari, jopo lilisema havina msingi wa kisheria pale vinapodai haki zaidi ya zile za mkataba. Mischief Reef, ambayo China iliishika mwaka 1995, likaiona ni fungu lililomo ndani ya ukanda wa kiuchumi wa Ufilipino. Juu yake China imekwisha kumwaga mchanga na kujenga njia ya ndege ya zaidi ya kilomita 2.5. Mchanga haukuibadili hadhi: kinachohesabiwa ni hali ya asili kabla ya kujenga. Ila jopo halikusema visiwa ni vya nani. Hilo halikuwa ndani ya uwezo wake, na magazeti mengi yalikosea hapo.

Baharini penyewe mambo yalikwenda njia nyingine. Tazama Second Thomas Shoal, mwamba mwingine wa bahari ile. Mwaka 1999 Ufilipino iliipandisha mwambani kwa makusudi meli ya Sierra Madre, chombo cha kushusha vifaru kilichoundwa Marekani mwaka 1944, chenye urefu wa takriban mita 100. Imeoza kwa kutu, lakini askari wachache wanaishi ndani, na haijafutwa kwenye orodha ya manowari. Jambo hilo la orodha ndilo kinga yake: manowari iliyo kazini ina kinga ya dola, na kuigusa ni kuigusa nchi. Kwa hiyo walinzi wa pwani wa China hawaigusi. Walikuwa wakizizuia boti zilizoipelekea chakula na mabati ya kuizibia, kwa kuzikata njia na kuzipiga kwa mizinga ya maji. Tarehe 17 Juni 2024 walifika hadi kuziparamia boti wakiwa na mapanga na nyundo, na baharia mmoja Mfilipino alikatika kidole gumba. Mwezi uliofuata pande mbili zikaelewana namna ya kupeleka mahitaji.

Kwa magari yenu: meli za biashara hazisimamishwi huko. Ugomvi ni wa samaki, gesi na vituo vya kijeshi, na China yenyewe inaitegemea njia hiyo kuliko mtu mwingine. Kutoka hapo meli inaingia mlango wa Singapore, ambao katika mkondo wa Phillip una upana wa takriban kilomita 2.8 tu, kisha Malacca, kisha Bahari ya Hindi. Pembamba pa hatari katika safari yenu ni hapo Singapore, si kwenye Spratly.

SWALI: Je, sheria hizi zinalihusu Ziwa Nyasa?
— Mwalimu, Kyela

JIBU: Hapana, mwalimu. Mkataba wa 1982 ni wa bahari. Mpaka wa ziwa hutokana na mikataba ya nchi husika na desturi zao. Malawi inategemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliotaja ufuko wa mashariki. Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji. Kanuni ya umbali sawa mliyoisoma hapo juu haiwezi kuhamishiwa ziwani kwa sababu tu inafaa.

SWALI: Nchi isiyo na pwani ina haki ya kudai bandari kwa jirani?
— Msafirishaji, Kampala

JIBU: Ina haki ya kufika baharini na kupitisha mizigo, haina haki ya kumiliki kipande cha pwani. Mkataba wa 1982 unaacha masharti ya upitishaji yakubaliwe kati ya nchi na nchi, ila unakataza mizigo inayopita kutozwa ushuru wa forodha au kodi. Kinachotozwa ni huduma tu. Hicho kifungu ndicho cha kukishika mezani mnapobishana juu ya tozo za barabarani. Ethiopia ilipojaribu njia nyingine, kwa hati ya maelewano na Somaliland ya tarehe 1 Januari 2024 iliyozungumzia kilomita 20 za pwani kwa miaka 50, Somalia ilipinga vikali, na Desemba 2024 mjini Ankara wakarudi kwenye maneno ya kufika baharini chini ya mamlaka ya Somalia.

SWALI: Sisi tulioko huku Oman tunaona njia za meli za Hormuz zinapita upande wa Musandam, rasi yetu ya Oman. Mlango ni wetu au wa Iran? Na kwa nini Oman isitoze ada kama Misri inavyotoza Suez?
— Msomaji, Muscat

JIBU: Maji ni yenu na ya Iran, kupita ni kwa wote. Mahali pembamba pana takriban maili 21 za bahari. Kila nchi inadai maili 12, na 12 mara mbili ni 24, kwa hiyo katikati hakubaki bahari kuu. Meli hufuata njia mbili, ya kuingia na ya kutoka, kila moja ina upana wa maili 2 na katikati yake pengo la maili 2, na mahali hapo ziko katika maji ya Oman. Mwaka 2024 yalipita takriban mapipa milioni 20 ya mafuta kwa siku, karibu moja ya tano ya matumizi ya dunia.

Sheria inajua aina mbili za kupita. Katika bahari ya nchi kwa kawaida meli ya kigeni ina ruhusa ya kupita kwa amani: isivue, isipeleleze, nyambizi iibuke na kuonyesha bendera, na nchi yaweza kusimamisha upitaji huo kwa muda kwa sababu za usalama. Katika mlango wa kimataifa kama Hormuz ruhusa ni pana zaidi: chombo kipite bila kukawia, nyambizi haina haja ya kuibuka, ndege zinaruhusiwa juu, na nchi za kando hazina haki ya kusimamisha. Iran ilitia sahihi mkataba ikisema haki hii ya pili ni ya wanachama tu, na haijauridhia. Marekani nayo haijauridhia, lakini inasema haki hiyo imekwisha kuwa desturi ya wote. Oman iliridhia mwaka 1989, na inataka manowari ziombe ruhusa. Ubishi wa kisheria wa Hormuz uko humo.

Ada: mkataba unakataza kutoza chombo kwa sababu tu kimepita. Unaweza kutoza huduma uliyoitoa, kama rubani au kuvuta meli. Suez ni mfereji uliochimbwa ndani ya ardhi ya Misri, ndiyo maana unatozwa. Denmark ilitoza meli zinazopita mlango wa Øresund tangu 1429. Mwaka 1857 nchi za biashara zikailipa fidia ya mara moja na ushuru ukafutwa.

Na juu ya kufunga: hakuna haja ya kupanga manowari mlango mzima. Mabomu machache ya kutegwa majini yanatosha. Tarehe 24 Julai 1987, Marekani ilipoanza kuzisindikiza meli za mafuta za Kuwait, meli kubwa ya Bridgeton ilikanyaga bomu katika Ghuba. Haikuzama, kwa kuwa meli ya mafuta ina matangi mengi na ubavu mkubwa. Manowari ndogo isingestahimili pigo kama hilo. Safari ikaendelea, manowari zikiwa zimejipanga nyuma ya meli ile ile ambayo zilikuja kuilinda.

SWALI: Wareno walikuwa wachache. Waliwezaje kuitawala biashara ya Bahari ya Hindi?
— Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mombasa

JIBU: Hawakuitawala bahari, walishika milango. Kilwa mwaka 1505, Goa 1510, Malacca 1511, Hormuz 1515. Kisha wakaleta cheti walichokiita cartaz. Kila jahazi lilipaswa kukinunua. Kiliandika jina la chombo, nahodha, ukubwa wake, silaha na kiendako, na kukilazimisha kutia nanga kwenye ngome ya Wareno kulipa ushuru. Bidhaa kama pilipili zilikatazwa. Bei ya cheti ilikuwa ndogo. Faida ilikuwa kwenye ule ushuru. Jahazi lisilo na cheti lilitekwa pamoja na shehena.

Kasoro ya mpango ilikuwa Aden. Gavana wao Albuquerque aliishambulia mwaka 1513 akashindwa, na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, haukuwahi kuwa mikononi mwao. Pilipili iliendelea kupenya kupitia Bahari ya Shamu hadi Misri. Halafu ngome nyingi zilihitaji watu na fedha ambazo Ureno haikuwa nazo: Hormuz ilianguka 1622, Muscat 1650, na Fort Jesus yenu, iliyoanza kujengwa 1593, ilichukuliwa na Waomani Desemba 1698 baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696.

SWALI: Wakala ananiambia nauli imepanda "kwa sababu ya Bahari ya Shamu" kila ninapoagiza. Nitajuaje kama ni kweli, na nijikinge vipi?
— Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Anza na njia. Mzigo kutoka Ulaya kupitia Suez unapita Bab el-Mandeb, ambako Wahouthi wa Yemen walizishambulia meli. Wa Japani, China, India au Dubai haupiti huko. Hata hivyo nauli ya China nayo iliweza kupanda, kwa sababu meli zinazozunguka Afrika Kusini hukawia kurudi, na meli na makontena yakawa haba kila mahali. Kwa hiyo ada yenye jina la Bahari ya Shamu kwenye mzigo wa Yokohama ihoji. Nauli kupanda kwa jumla ni jambo jingine. Dai ankara itenganishe nauli, ada ya mafuta na ada ya vita.

Hesabu ya mwenye meli ni hii. Rotterdam hadi Singapore kupitia Suez ni takriban maili 8,400. Kupitia Rasi ya Tumaini Jema ni takriban 11,800. Kwa mwendo wa noti 14, yaani maili 14 kwa saa, meli hukata maili 336 kwa siku, basi tofauti ni siku 10 za mafuta na mishahara. Upande wa pili ni bima ya vita, ambayo hukatwa kwa safari moja, kwa kawaida siku 7, kwa asilimia ya thamani ya meli. Mwanzoni mwa 2024 viwango vilivyotajwa sokoni vilifika kati ya asilimia 0.7 na 1. Meli ya dola milioni 50 kwa 0.7 ni dola 350,000, kabla hujalipia mfereji wenyewe. Ndiyo maana wengi walizunguka: meli zilizopita Suez zilishuka kutoka zaidi ya 26,000 mwaka 2023 hadi takriban 13,200 mwaka 2024. Wahouthi hawakufunga mlango kwa mnyororo. Walipandisha bei ya kupita.

Baadhi ya manahodha waliandika kwenye kifaa cha utambulisho kwamba mabaharia wote ni Wachina, wakitumaini kuachwa. Haikuwa kinga ya kutegemea: meli ya mafuta ya Huang Pu, ya Wachina, ilipigwa tarehe 23 Machi 2024. Wanaoshambulia husoma kumbukumbu za umiliki, na kumbukumbu hizo huchelewa kurekebishwa meli inapouzwa.

Kwako wewe, haya ndiyo yanayokosewa mara nyingi. Ukinunua kwa CIF, yaani bei yenye gharama, bima na nauli ndani yake, muuzaji anawajibika kukata bima ya kiwango cha chini tu, yenye herufi C: moto, kuzama, kugongana, kukwama. Wizi na maji ya mvua havimo. Agiza herufi A. Lakini hata A haina vita. Kipengele cha vita kinaongezwa kwa maandishi, na cha migomo na vurugu ni kingine tena. Kinga ya vita hufanya kazi mzigo ukiwa melini tu. Ukishushwa imeisha, na ukikawia kushushwa bandari ya mwisho, inakoma siku 15 baada ya meli kufika. Kata bima kabla meli haijaondoka, kwa sababu kampuni inaweza kuifuta kwa notisi fupi hali ikichafuka, ila haigusi safari iliyokwisha anza. Thamani iwe gharama, bima na nauli, ongeza asilimia 10. Tanzania na Kenya sheria zinataka bima ya mizigo inayoingia ikatwe kwa kampuni za nchini, basi nunua bila bima ya muuzaji ujikatie mwenyewe. Utaokoa kulipa mara mbili.

Kuchelewa hakulipwi na bima yoyote kati ya hizo. Mzigo wa sikukuu ukifika baada ya sikukuu, hasara ni yako.

Soma pia nyuma ya hati ya shehena. Karibu zote zina kifungu kinachomruhusu mwenye meli, njia ikiwa ya hatari, kushusha kontena bandari nyingine na kuhesabu safari imekwisha, gharama ya kulifikisha Dar es Salaam ikawa yako. Na ikitokea meli imeokolewa kwa gharama kubwa, kama Ever Given iliyokwama Suez Machi 2021, mwenye meli anaweza kutangaza hasara ya pamoja: kila mwenye mzigo huchangia kwa thamani ya mali yake, na kontena halitoki mpaka dhamana iwekwe. Mwenye bima huipa kampuni yake karatasi ya dhamana hiyo, nayo husaini kwa niaba yake. Asiye na bima huweka fedha taslimu, kwa mzigo ambao wenyewe haukupata hata mchubuko.